Unga wa nano wa oksidi ya zinki, chupa ya gramu 100: nyota tatu kati ya tano

Chupa hii ya duka la kemikali la mjini Unguja inawafaa wanaojaribu kutengeneza utando wa kufunikia vidonda kwa karajinani, yaani ute wa kugandisha unaotolewa kwenye mwani wetu. Inafaa, ila unga usitiwe mkavu.

Lebo inasema nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hiyo ni punje moja moja. Zikiingia majini hushikamana zikawa mafungu ya mamia ya nanomita. Ukiumwaga mkavu kwenye uji wa moto wa karajinani, unapata madoa meupe, na utando unachanika hapo hapo kwenye doa.

Kipimo kinachokubali: karajinani ya kotonii (aina ya mwani) gramu 2, gliserini gramu 1, unga gramu 0.04, maji yaliyokenekwa mililita 100. Unga kwanza uchanganywe na mililita 20 za maji hayo, ukae dakika 30 kwenye beseni la mawimbi ya sauti (kifaa cha maabara kinachotawanya punje kwa mtikisiko), kisha kopo litulie dakika 10. Ukiona weupe umetuama chini, rudia. Upashe hadi nyuzi 70 ndipo uumimine kwenye karajinani iliyoyeyuka kwa nyuzi 80. Maji hayo ya unga yakiwa baridi, uji huganda mabonge. Sahani ya sentimita 9 inachukua mililita 20, ikaushwe kwa nyuzi 40 usiku kucha.

Maji ya bomba yaacheni: yana chokaa, na kalisi iliyomo huvuruga ugandaji, hasa wa spinosam, aina nyingine ya mwani. Spinosam ndiyo tele pwani ya mashariki, lakini utando wake ni laini mno. Kotonii agizeni Pemba.

Wapenzi wa kitozani (dutu ya kutengenezea utando itokanayo na magamba ya kamba na kaa) wajihadhari. Kitozani huyeyushwa kwa asidi ya siki, na asidi hiyo huyeyusha oksidi ya zinki pia. Utando hutoka ang'avu, mtu akashangilia, kumbe punje nyingi hazimo tena.

Nyota mbili zimepotea wapi? Kifuniko hakibani, na unyevu wa masika ukiingia pamoja na hewa ya ukaa, juu ya punje hujengeka kaboneti ya zinki. Ukaushwe kwa nyuzi 105 saa mbili, uhifadhiwe na silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu. Na vaa barakoa ya N95 unapopima. Vumbi lake halionekani.

La pili ni zito zaidi: hakuna cheti cha kiwango cha risasi na kadimiamu, metali zenye sumu. Kwa mafunzo ya maabara, sawa. Kwa kidonda cha mtu, hapana, tena utando wenyewe hauvumilii mvuke wa nyuzi 121 wa kuua vijidudu, unayeyuka. Muuzaji akisema "huu safi tu, ndugu yangu", mwombe cheti cha shehena hiyo hiyo, si cha mwaka juzi.