Serikali ikope kwa dola au kwa shilingi?

Juni 2014 Kenya iliuza hatifungani (hati za serikali kukopa kwa riba) zake za kwanza za dola katika soko la kimataifa. Fungu la miaka 10 lilifikia dola bilioni 2, kwa riba isiyozidi asilimia 7. Dola ilikuwa karibu shilingi 87, hivyo deni lilikuwa kama shilingi bilioni 174. Januari 2024, miezi michache kabla ya kulilipa, dola ilipita 160. Deni lile lile, bila kuongezwa hata senti, likawa zaidi ya bilioni 320! Tofauti hiyo anaibeba mlipakodi, na Benki Kuu ya Kenya haichapishi dola.

Deni la shilingi halina hatari hiyo, ila riba yake inauma waziwazi. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ilitolewa kwa asilimia 18.46, tena bila kodi. Wakopeshaji ni benki, bima na mifuko ya pensheni, yaani akiba zetu wenyewe. Benki ikipata faida hiyo bila jasho, mwenye duka atakopeshwa na nani? Na serikali ikikwama, hasara hubaki nyumbani, kama Waghana walivyoona hatifungani zao za ndani zilipobadilishwa kwa zenye riba ndogo kuanzia Desemba 2022.

Hata hivyo naona la shilingi ni afadhali: sehemu kubwa ya riba hubaki nchini, na hulipwa kwa fedha ile ile ya kodi. Dola ningeikubali kwa mradi unaoingiza dola. Abiria wa SGR, reli ya kisasa iliyojengwa kwa mkopo wa dola, kutoka Mombasa hulipa nauli kwa shilingi.