Makapera wawili wa Brook Street: nyumba ya Handel na Hendrix, London

Kama unaimba kwaya na umebahatika kufika London, usiondoke bila kupita Brook Street namba 25. Hapo ndipo alipoishi mtunzi wa muziki George Frideric Handel kuanzia 1723 hadi alipofariki humo humo Aprili 1759, bila mke wala mtoto. Namba 23, ukuta kwa ukuta, ghorofa ya juu, alihamia mpiga gitaa wa roki Jimi Hendrix mwaka 1968. Naye hakuwahi kuoa. Siku hizi ni makumbusho moja, unatoka kwa huyu unaingia kwa yule.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, umri umeshavuka arobaini, sijaoa. Shangazi zangu hawaachi kuniuliza ubwabwa wataula lini. Basi nilikwenda na swali langu: mtu wa namna hii nyumba yake inakaaje?

Inakaa vizuri. Anzia chini, jikoni, maana Handel alipenda kula na jiko lake ni kubwa la haja. Panda juu ukaone kitanda chenye mapazia mekundu. Lakini muda wako mwingi utumie ghorofa ya kwanza, kwenye chumba cha nyuma ambacho ni kidogo kuliko ofisi ya mchungaji wetu. Inaaminika ndimo alimotungia *Messiah*, utungo wake mkubwa wa kwaya na okestra wenye ile “Haleluya”, kati ya 22 Agosti na 14 Septemba 1741. Kwetu “Haleluya” hiyo tunaiimba kwa solfa, yaani noti za herufi, fotokopi ya fotokopi, d na r zimefifia unakisia. Pale kwenye “naye atatawala milele na milele”, besi, sisi wa sauti nene, ndio tunaoingia kwanza, peke yetu, kabla teno, wanaume wa sauti ya juu, hawajatufuata. Niliuimba mstari huo kwa sauti ya chini nikiwa nimesimama humo, na mhudumu aliyekuwa mlangoni alitabasamu tu, akaniacha nimalize.

Mwongozo wa watalii nilioununua njiani unamtaja Handel kwa mistari michache kama mzee mlafi, mpweke. Ulafi sibishi. Upweke nakataa. Chumba cha mbele, kilichopakana na hicho, ndicho alichofanyia mazoezi na waimbaji wake wa opera. Aprili 1734, kwa rafiki yake Mary Pendarves aliyekuwa akiishi mtaa huo huo, alipiga kinanda na kuwasindikiza wanawake walioimba tangu saa moja jioni hadi saa tano usiku, tena akiwa na furaha tele. Mpweke gani huyo?

Soma na wosia wake. Mtumishi wake wa ndani aliachiwa nguo zote na £500. Mfuko wa wanamuziki waliozeeka na kuishiwa ulipata £1,000. Sehemu kubwa ya mali iliyobaki ilikwenda kwa mpwa wake huko Ujerumani. Halafu kuna Foundling Hospital, makazi ya watoto waliotelekezwa: aliwapa kinanda cha kanisani, na kuanzia 1750 akawa anawapigia *Messiah* kila mwaka kuwachangia, mpaka zikapatikana karibu £7,000 katika uhai wake. Watoto hao hawakuwa wa damu yake hata mmoja, na walikula na kuvaa kwa kazi ya mikono yake. Atakayeniambia huyu alikufa bila kuacha kitu nitampeleka akasome wosia.

Upande wa Hendrix ni chumba kimoja tu kilichopangwa upya kama kilivyokuwa: mazulia, kitanda, gitaa la Epiphone, na mapazia ya rangi ya feruzi kama yale aliyokwenda kuyanunua mwenyewe dukani Oxford Street. Kodi ilikuwa £30 kwa wiki, naye aliishi humo na mpenzi wake. Alipojua jirani yake wa zamani alikuwa nani, alikwenda kununua sahani za santuri za Handel, *Messiah* ikiwemo. Hilo lilinigusa. Ila nisingewaweka kapu moja. Handel aliishi miaka 74 na maisha yake aliyapanga hivyo. Hendrix alifariki akiwa na miaka 27, na kijana wa umri huo huwezi kusema hakuoa, hakupewa nafasi.

Ukiweza, nenda siku ambayo kuna mpigaji wa hapsikodi, kile kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake zinadonolewa. Sauti yake inajaa chumba bila kipaza sauti chochote.

Hakikisha kwanza siku ambayo nyumba hii na makumbusho ya ile Foundling Hospital zote ziko wazi, uzione pamoja. Kituo cha kushukia kwa nyumba hii ni Bond Street. Ukimaliza, panda treni ya chini hadi Holborn, badilisha, kituo kinachofuata ni Russell Square. Huko, kwenye makumbusho ya Foundling, utaona vitu vidogo vidogo walivyoviacha akina mama ili siku moja waweze kuwatambua watoto wao, na ghorofa ya juu kuna hazina nzima ya nyaraka za Handel.