Without You cha Anthony Rapp: nimekisoma, nawaambia

Kitabu hiki nililetewa na shemeji yangu anayefanya biashara Ndola, Zambia; kilipita mpakani Kasumbalesa katikati ya mizigo ya unga. Hapa Lubumbashi vitabu vinavyouzwa ni vya Kifaransa, cha Kiingereza mpaka uagize. Rapp ndiye aliyeigiza Mark katika Rent, tamthilia ya nyimbo ya Jonathan Larson kuhusu wasanii maskini wa New York enzi UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza. Kumbukumbu zake zilitoka 2006.

Nilidhani ni umbea wa mastaa. Umo, kidogo. Uzito wote uko kwenye vifo viwili. Larson alifariki Januari 1996, akiwa na miaka 35, mshipa mkuu wa damu umepasuka, alfajiri ya siku ambayo watazamaji wa kwanza walikuwa waingie ukumbini. Siku chache kabla alikuwa amekwenda hospitali mbili, zote zikamrudisha nyumbani. Msomaji wa hapa kwetu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Jioni ile waigizaji waliamua waimbe tu wakiwa wamekaa, mbele ya ndugu na marafiki wa marehemu. Walianza hivyo. Walipofika wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza, viti vikawashinda, wakainuka na kucheza mchezo wote mpaka mwisho. Nilirudia kurasa hizo. Aliyewahi kukesha kwenye kilio katika mitaa yetu ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, kwaya ya parokia ikipokezana na wanawake wa familia, ataelewa kwa nini hawakuweza kukaa.

Kifo cha pili ni cha mama yake, aliyeugua kansa na kufariki 1997. Rapp yuko jukwaani Broadway anaimba juu ya kufiwa, kisha anapanda ndege kwenda Joliet, Illinois, kumuuguza mama. Amemwambia pia kwamba anapenda wanaume, na mama hakulipokea hilo kwa urahisi. Hapo anaandika vizuri kweli, bila kujisafisha.

Mapenzi yenyewe yalinichosha. Ugomvi na mpenzi unarudi na kurudi, na mazungumzo ya miaka mingi nyuma yameandikwa neno kwa neno. Nani ana kichwa cha kukumbuka hivyo? Ningekata kurasa kadhaa.

Nilipomaliza nilijiuliza kwa nini hatuna kitabu cha namna hii cha mtu wa kikundi cha Mufwankolo, waigizaji wetu wa hapa Lubumbashi. Miaka yote ile ya kuchekesha watu kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni, nyuma ya pazia walizikana vipi? Hicho ningekinunua bei yoyote.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Sikilizeni nyimbo za Rent kwanza, la sivyo nusu ya kitabu itawapita. Na aliye na mgonjwa wa kansa nyumbani sasa hivi, akiache mpaka baadaye.