Chambo bandia cha sangara: kizuri, ila badilisha ndoano

Habari zenu watazamaji. Hiki mkononi ni chambo bandia cha plastiki, sentimita 14, tumbo la rangi ya fedha na mgongo wa buluu. Nimekitumia Ziwa Victoria kwa miezi mitatu, namtafuta sangara, yule wenzetu wengine wanamwita mbuta.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Mwangalieni huyu niliyemtoa sasa hivi. Jicho lake jeusi limezungukwa na duara la njano, mkia ni wa mviringo, na pezi la mbele la mgongoni limejaa miiba migumu. Wakiwa wadogo huwa na mabaka ya kahawia, msije mkadhani ni samaki mwingine. Sasa tazameni hapa shavuni, karibu na kifuniko cha matamvua. Mnauona huu mwiba? Huu ndio unaokata mishipi. Meno hayana kosa, ni madogo madogo, ukiyapapasa ni kama msasa. Nilipoteza vyambo viwili ndipo nikaelewa. Siku hizi mita moja na nusu ya mwisho nafunga nailoni nene ya milimita 1.

Turudi kwenye chambo. Ulimi huu wa mbele ndio unaokizamisha. Ukikiburuza nyuma ya mashua, mwendo wa mtu anayetembea, kinashuka mita nne hadi tano na fimbo inatetemeka mkononi muda wote. Mtetemo ukikata ghafla na hakuna samaki, kimenasa majani, kivute ukisafishe. Mimi napita kando ya rasi zenye mawe, na hapo kimenipa samaki kuliko chambo chochote nilichowahi kufunga. Kwa mwendo wake majini nakisifu bila kusita.

Ndoano zake ndizo zimeniudhi sana. Hii hapa, ilikuwa na vichwa vitatu. Kimoja kimenyooka kabisa! Sangara akishanasa huruka juu, kinywa wazi, anatikisa kichwa, na ndoano laini haiwezi kuvumilia hapo. Zitoeni zote pamoja na pete zake, wekeni nene kabla hamjaingia ziwani.

Huyu nimempima, ana sentimita 46. Chini ya 50 hatumchukui. Unalowesha mkono, unamshika taya ya chini hivi, unamshusha majini taratibu umsubiri apate nguvu. Ameanza kupiga mkia... haya, nenda.