Gari Zima, Modemu Mfu: Tathmini ya Huduma za Mtandao wa Gari Minara ya Zamani Inapozimwa

Gari likitunzwa hukaa barabarani miaka 15 au 20. Modemu iliyofichwa nyuma ya dashibodi yake, yaani kifaa kinacholiunganisha gari na mtandao wa simu, haina umri huo. Imefungwa kwenye kizazi kimoja cha mtandao wa simu (2G, 3G au 4G), na siku kampuni ya simu inapozima kizazi hicho, programu iliyo kwenye simu ya mwenye gari hubaki ikizungusha kiduara bila jibu. Injini nzima, rangi bado inang'aa, lakini mlango haufunguki tena kwa simu, kiyoyozi hakiwashwi kwa mbali, na ramani haionyeshi gari liliko.

Kwa hiyo tathmini hii haihesabu vitufe vya programu. Inauliza jambo moja: mnara ukizimwa, nani anabadilisha modemu, na kwa pesa ya nani? Ukizipima kwa swali hilo, huduma nyingi za kiwandani zinafeli.

Gari la umeme la Nissan Leaf la Marekani ndilo somo zuri kuliko yote. Matoleo ya 2011 hadi 2015 yalitoka na modemu ya 2G. AT&T ilipozima 2G mwanzoni mwa 2017, wenye magari walipewa nafasi ya kuhamia modemu ya 3G kwa dola 199. Tarehe 22 Februari 2022 AT&T ikazima 3G pia, na modemu ile iliyolipiwa ikafa. Miaka mitano na kidogo tu. Uingereza hali ilikuwa ya ajabu zaidi: Leaf na magari ya mizigo ya umeme ya e-NV200 ya mwanzo zilikatiwa programu tarehe 1 Aprili 2024, ilhali minara ya 2G huko ingali inafanya kazi. Maana yake ni kwamba mtengenezaji anaweza kufunga seva zake kabla hata kampuni ya simu haijafunga minara, na mwenye gari hana la kufanya. Tesla walau iliacha mlango wazi. Model S zilizotengenezwa kabla ya Juni 2015 zilikuwa na 3G, na kubadilishiwa modemu kuwa ya 4G kuligharimu dola 200.

Wala si ugonjwa mpya. OnStar, huduma ya mtandao ya magari ya General Motors, ilizima huduma yake ya analogi mwishoni mwa 2007, na magari ambayo vifaa vyake havikuweza kuboreshwa yakabaki na vitufe visivyoita popote.

Kabla ya kutoa pesa, tenganisha kilichokufa na kilicho hai. GPS haifi, kwa sababu inapokea ishara za setilaiti bila kupitia mnara wowote wa simu; kinachokufa ni uwezo wa gari kukutumia mahali lilipo. Bluetooth haifi. CarPlay na Android Auto, zinazoonyesha programu za simu kwenye skrini ya gari, hazifi, maana zinatumia bando la simu yako. Rimoti ya ufunguo haiguswi kabisa. Kinachoondoka ni kila kitu kinachohitaji gari lenyewe kupiga au kupokea data: kufunga milango ukiwa mbali, hali ya foleni kwenye ramani ya kiwandani, taarifa za wizi, na wito wa dharura.

Tarehe za kuzima hutofautiana kwa nchi, na mpangilio wake pia. Marekani ilimaliza 3G mwaka 2022, AT&T ikitangulia Februari na Verizon ikifunga Desemba. Australia ilimalizia Oktoba 2024. Japani, kampuni ya simu ya KDDI ilifunga 3G yake tarehe 31 Machi 2022. Ujerumani 3G ilizimwa mwaka 2021, lakini 2G ikaachwa. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: modemu ya 3G ya Ulaya kwa kawaida hurudi kwenye 2G ikikosa mnara wake, kwa hiyo kufunga milango kunaendelea, ila polepole, huku ramani na picha za setilaiti zikigoma. Ukiona gari linatii amri baada ya dakika moja au mbili lakini ramani haifunguki, hiyo ndiyo sababu. Kubadilisha skrini hakutasaidia kitu.

Kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wazuri huusahau. Gari linaweza kuwa na modemu ya 4G na bado likapoteza wito wa dharura. Modemu nyingi za 4G za mwanzo zilituma data kwa 4G, lakini sauti ziliirudisha kwenye 3G au 2G kwa kuwa hazikuwa na VoLTE, yaani uwezo wa kupitisha simu ya sauti juu ya 4G. Minara ya zamani ikiondoka, programu inafanya kazi kama kawaida na mwenye gari anaamini mambo yako sawa, kumbe kitufe cha SOS hakina njia. Ulaya, eCall, mfumo wa gari kujipigia simu ya dharura ajali inapotokea, imekuwa ya lazima kwa aina mpya za magari tangu tarehe 31 Machi 2018, na ilijengwa juu ya simu ya sauti ya 2G na 3G. Ndani ya simu hiyo hupitishwa kifurushi cha data kisichozidi baiti 140, chenye mahali gari lilipo, namba ya chesisi na mwelekeo wake. Toleo linalotumia 4G na 5G limeanza kuwa la lazima kwa aina mpya Januari 2026 tu. Magari yote yaliyotoka na eCall ya zamani kati ya tarehe hizo mbili yanategemea uhai wa minara ya zamani.

Sasa betri, ambayo kwa maoni yetu ni madhara mabaya kuliko programu kukatika. Modemu isiyopata mnara huendelea kutafuta. Kitengo cha modemu kikikataa kulala, huweza pia kuziacha macho kompyuta nyingine zilizo kwenye waya mmoja nacho. Gari lililolala linapaswa kunyonya chini ya miliampea 50. Likinyonya 300, hizo ni ampea-saa 7.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 inapoteza karibu nusu ya chaji kwa siku nne, na gari haliwaki. Kwa miliampea 50 ungefika siku 24 kabla ya kupoteza kiasi hichohicho.

Kupima si kazi ngumu, ila watu hukosea mahali palepale. Fungua boneti, kisha sukuma komeo lake kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa. Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa hasi, kisha ndipo uchomoe waya huo huku multimita ikiwa imeshika. Ukichomoa kwanza, kompyuta zote zinaamka na unaanza upya. Funga gari, subiri dakika 30 hadi 60, soma. Usifungue mlango wala kujaribu kuwasha gari multimita ikiwa hapo. Fyuzi yake itaungua. Namba ikiwa juu, chomoa fyuzi ya kitengo cha mtandao (kwenye michoro huandikwa TCU au DCM) na uangalie inashuka kiasi gani.

Usikimbilie kuiacha fyuzi hiyo nje moja kwa moja. Katika baadhi ya magari maikrofoni ya bluetooth na hata spika moja ya mbele hupitia kitengo hicho, kwa hiyo ukikiua unaua na simu ya mkononi ndani ya gari. Piga simu moja ya majaribio kwanza.

Njia za kufufua huduma ni chache. Ya kwanza ni kiwandani: uliza kwa namba ya chesisi kama kuna programu mpya au modemu mbadala. Zingatia tarehe ya mwisho, kwa sababu baadhi ya masasisho husafiri kupitia mtandao uleule unaozimwa. Baadhi ya magari ya Honda ya 2018 hadi 2020 yalitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 22 Februari 2022. Aliyechelewa hakupata njia ya hewani tena.

Ya pili ni vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia hitilafu, chini ya usukani. Vinatoa mahali, safari na hitilafu za injini. Vingi havifungi wala kufungua milango. Udhaifu wake ni kwamba pini ya 16 ya soketi hiyo ina umeme wa betri wakati wote, hivyo kidude kibaya kinarudisha tatizo lilelile la kunyonya. Na vya bei rahisi vingi ni vya 2G. Kununua hivyo leo ni kununua jeneza lingine dogo. Kwenye kasha tafuta neno LTE (yaani 4G) na orodha ya bendi za masafa, kisha linganisha na bendi za kampuni yako ya simu.

Tunayoipa nafasi ya kwanza, kwa gari la umeme lililo kwenye orodha yake, ni OVMS, kisanduku cha kufuatilia na kuamuru gari kwa mbali, mradi ambao programu yake iko wazi kwa kila mtu. Ubongo ni chipu ya ESP32, ina njia tatu za CAN (nyaya ambazo kompyuta za gari huzungumzia), na modemu iko kwenye kibao chake peke yake. Hilo ndilo linaloipa alama. Toleo la tatu lilianza na modemu ya 3G, SIM5360. 3G ilipoondoka, kibao kilitolewa kikawekwa cha 4G, SIM7600, na sehemu nyingine ya kisanduku ikabaki ileile. Laini unaichagua mwenyewe. Kwa Leaf, baadhi ya matoleo hutaka kitengo cha kiwandani kichomolewe ili visigombanie amri za kiyoyozi, na ya kwanza kabisa huhitaji waya wa ziada wa kuamsha mfumo wa umeme. Si kazi ya asiyejua kusoma mchoro wa nyaya. Antena ya GPS ikae chini ya kioo cha mbele, uso wake ukiangalia juu, isipokuwa kioo kina utando wa chuma wa kuzuia joto. Hapo itafutie sehemu isiyo na utando, kwa kawaida nyuma ya kioo cha kati cha kuangalia nyuma. Na kwa kuwa kisanduku hiki kinaweza kufungua milango ya baadhi ya magari, badilisha nywila siku ya kwanza.

Unaponunua gari lililotumika, usiridhike na kuona nembo ya huduma kwenye skrini. Ingia kwenye menyu ya taarifa za mfumo, angalia aina ya mtandao inayoonyeshwa, kisha mwombe muuzaji afunge milango kwa programu akiwa hatua hamsini mbali, bluetooth ya simu ikiwa imezimwa.