Tahadhari kwa wamiliki halali wa silaha Mbeya, Njombe na Iringa: muuzaji wa risasi asiyeuliza leseni

Ndugu wakulima, wafugaji, wenye kampuni za ulinzi na wamiliki wote halali wa silaha katika Nyanda za Juu Kusini, ninawatahadharisha kuhusu mtu anayeuza risasi kando ya barabara kuu ya TANZAM, hasa kati ya Makambako, Igawa, Chimala na Uyole. Msimu huu ambapo mahindi yanakomaa na nguruwe pori hawalali, amekuwa akiwafuata watu wenye mashamba yaliyo jirani na mapori. Jina analojitambulisha nalo hubadilika kila anapokwenda, kwa hiyo halitawasaidia. Namna yake ya kufanya biashara ndiyo haibadiliki.

Huanza kwa kutuma picha kwenye simu, risasi zikiwa zimemwagwa juu ya gunia, bila boksi wala lebo, na maelezo kwamba anazo za shotigani, za raifo za kukoki kwa mkono na za raifo za nusu otomatiki. Haulizi leseni. Haulizi hata bunduki ya mteja ni ya aina gani, na huu peke yake ni ushahidi wa kutosha, kwa kuwa muuzaji anayeijua kazi yake hawezi kukupimia risasi asiyoijua silaha yake, sawa na fundi viatu asivyoweza kukushonea kiatu bila kuuona mguu. Ukimuuliza kama zitafaa, jibu lake ni moja: "Mzee wangu, ukiona tundu limepokea, ujue ni yake." Kisha hudai nusu ya bei itumwe kwa simu, na anayeomba kuziona kwanza huambiwa kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani kuzichukua. Wapo waliotuma fedha na simu ikazimwa moja kwa moja. Kwa maoni yangu hao ndio walionusurika, kwa maana waliopelekewa mzigo wamebaki na kitu kibaya zaidi ya hasara ya fedha.

Mmoja wao ni mzee wa bonde la Usangu, mwenye leseni ya shotigani ya nusu otomatiki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba). Alipoanza kuwa na mashaka alinitafuta, kwa sababu anafahamu kwamba sehemu kubwa ya utumishi wangu nilishika ghala la silaha, nami nikamshauri asiniletee nyumbani bali twende pamoja kituo cha polisi azisalimishe. Nilichokiona ndani ya mfuko ule, ulipofunguliwa juu ya meza ya mapokezi mbele ya askari, ndicho kilichonisukuma kuandika.

Risasi nyingi zilikuwa nyekundu za geji 12, lakini katikati yake zilichanganywa za njano, nyembamba kidogo, za geji 20. Kwa asiyejua, tofauti hiyo ni ya rangi tu. Viwanda vingi huzipa za geji 20 rangi ya njano makusudi, kwa sababu risasi hiyo ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 haishikwi mdomoni mwa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Huteleza na kwenda kukwama mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye bunduki akibonyeza kifyatuo hasikii mlio, anadhani hakupakia, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua tena. Hapo mtutu hupasuka, na hupasuka pale pale mkono wa kushoto unapokuwa umeushikilia. Mtu anayezichanganya aina hizi mbili katika mfuko mmoja, ama hajui anachokiuza, ama anajua na hajali.

Baadhi ya zile nyekundu nazo zilikuwa na urefu wa milimita 76, ilhali mtutu wa mzee umechorwa milimita 70. Hizo zinaingia bila ubishi. Ule urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa, kwa hiyo risasi ndefu iliyokunjwa mdomo huketi vizuri kabisa ndani ya chemba fupi. Shida huja mdomo unapofunguka na kukosa nafasi, marisau yakabanwa na shinikizo likapanda kupita kiasi ambacho chuma kilitengenezewa. Kwa mfano huu mmoja, ile kauli ya tundu kupokea inaanguka.

Chini kabisa ya mfuko zilikuwapo risasi za raifo, ambazo mzee alisema alipewa kama nyongeza, bila kulipia, "siku ukipata raifo zitakufaa". Niliomba ruhusa ya askari nikaishika mojawapo. Kichwa chake kilizunguka ndani ya ganda nilipokisukuma kwa kidole gumba, jambo ambalo risasi nzima haifanyi. Fataki yake, yaani kile kidude kinachogongwa ili kuwasha baruti, ambayo hupaswa kuzama kidogo ndani ya kitako, ilikuwa imetokeza kiasi cha kukwaruza ukucha. Kwenye ukingo wa ganda palikuwa na mikwaruzo ya kung'olewa na bunduki nyingine, na alama za kiwanda kwenye vitako hazikulingana hata kwa risasi tatu mfululizo. Hayo ni maganda yaliyookotwa yakajazwa upya na mtu asiye na mizani ya baruti. Si kila risasi iliyojazwa upya ni mbovu, kwani wapo mafundi duniani wanaoifanya kazi hiyo kwa vipimo na kwa leseni, ila hizi hazikuwa za aina hiyo.

Kwa kuwa muuzaji huyu anajinadi kwa risasi za nusu otomatiki, ni vema ieleweke kwa nini silaha ya namna hiyo ndiyo yenye uteuzi mkali kuliko zote. Bunduki ya kukoki kwa mkono hutegemea mkono wako kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, kwa hiyo huvumilia tofauti ndogo za nguvu. Ya nusu otomatiki huifanya kazi hiyo kwa kutumia nguvu ya risasi yenyewe, ama gesi inayochepushwa kutoka kwenye mtutu, ama msukumo wa kurudi nyuma. Baruti ikiwa pungufu, bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya chemba, hairudi hadi mwisho, ganda hukwama mlangoni. Ikizidi, bolti hurudi kwa kishindo kinachovunja vipuri na kulichana ganda kabla shinikizo halijashuka. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huiona kama ya mchezo, huwa na risasi za mwendo wa chini kuliko sauti ambazo katika raifo nyingi za nusu otomatiki hazina nguvu ya kuirudisha bolti, ingawa katika ya kukoki kwa mkono zinafanya kazi vizuri.

Fataki nayo ina neno lake. Raifo kadhaa za nusu otomatiki zenye asili ya kijeshi, SKS ikiwa mojawapo, zina pini ya kugonga fataki isiyoshikiliwa na springi, inayokwenda mbele na kurudi bila kizuizi ndani ya bolti. Bolti inapofunga kwa kasi, pini huigusa fataki. Risasi za kijeshi hutengenezwa na fataki ngumu kwa sababu hiyo. Ukiweka yenye fataki laini, au iliyotokeza kama ile niliyoishika kituoni, bunduki inaweza kulia yenyewe kabla kidole hakijafika kwenye kifyatuo.

Halafu kuna udanganyifu wa namba. Muuzaji huyu huwaambia watu kwamba "7.62 ni 7.62". Namba hiyo inataja kipenyo tu, na zipo angalau risasi tatu zinazojulikana sana zinazoibeba: yenye ganda la urefu wa milimita 39, yenye milimita 51, na yenye milimita 54 ambayo kitako chake kina ukingo uliotokeza. Haziingiliani kabisa. Ile ya milimita 51 hufanana kwa nje na .308 Winchester inayotumika kwenye uwindaji, kama vile 5.56 ya kijeshi inavyofanana na .223 Remington, lakini vipimo vya chemba na shinikizo havilingani kila mahali, na hasa 5.56 ikipigwa kwenye chemba iliyochongwa kwa ajili ya .223 shinikizo linaweza kupita kiwango. Jina linalotakiwa kufuatwa ni lile lililochorwa kwenye mtutu, herufi kwa herufi, likalinganishwa na lile lililoandikwa kwenye boksi na kwenye kitako cha risasi. Risasi isiyo na boksi imekwisha kupoteza shahidi mmoja kati ya hao watatu. Ikiwa mtutu umechongwa upya au maandishi yamefutika, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni aupime. Usipime kwa kujaribisha.

Risasi nyingine za raifo katika mfuko wa mzee zilikuwa na kutu ya kijani shingoni, dalili ya kukaa muda mrefu kwenye unyevu. Risasi kuukuu za kijeshi zina tabia nyingine inayotuhusu sana sisi wa huku, nayo ni kwamba fataki za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hufyonza maji kutoka hewani. Kwa ukungu wa Mufindi, Njombe au Rungwe, mtutu uliopigiwa risasi za namna hiyo jioni unaweza kuanza kushika kutu ndani ya muda mfupi mno. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi. Huondolewa kwa maji ya moto, mtutu ukakaushwa kabisa, ndipo mafuta yakafuata.

Suala la sheria wengi wanalichukulia kwa wepesi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, risasi hununuliwa kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwa leseni na kibali, na kwa silaha ile unayoimiliki. Mwenye leseni ya shotigani akikutwa na risasi za raifo hawezi kujitetea kwa kusema kwamba bunduki yenyewe hana, kwa sababu kumiliki risasi bila uhalali ni kosa linalojitegemea, na mashtaka yake huambatanishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Kwa hiyo ile nyongeza ya bure ndiyo iliyokuwa sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika mfuko wa mzee. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku kabisa raia kumiliki raifo za otomatiki na za nusu otomatiki. Mtu anayewatangazia wakulima wa mpunga risasi za raifo hizo, katika ukanda unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ajue na nyinyi mjue kwamba atakayeulizwa kwanza habari za ujangili ni yule atakayekutwa nazo.

Wanaosumbuliwa na wanyama nawaelewa, maana kupoteza ekari nzima ya mahindi kwa usiku mmoja si jambo la kuambiwa uvumilie. Hata hivyo kuua mnyamapori kuna taratibu zake chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Risasi hizi za kijeshi zenye kichwa kilichofunikwa chuma chote hazifai hata kwa kazi hiyo: humpita nguruwe mwilini, akakimbia na jeraha, na kichwa kikaendelea na safari yake kuelekea nyumba za jirani.

Aliyekwisha kununua, naomba sana asiifyatue hata moja kwa kuijaribu, asiifungue kwa koleo ili aone baruti, asiitupe chooni, mtoni wala motoni. Azisalimishe kituo cha polisi kilicho karibu, na ni vema apige simu kwanza au afuatane na mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, asije akasimamishwa njiani akiwa nazo mkononi bila maelezo. Ikiwa tayari umefyatua na ukasikia mlio hafifu, kama kitu kilichozibwa, na bega halikusukumwa kama kawaida, acha hapo hapo. Usikoki tena. Uelekeze mtutu mahali salama kwa nusu dakika, ondoa magazini na risasi zote, kisha mpelekee fundi achunguze kama kichwa cha risasi kimebaki ndani, kwa kuwa risasi inayofuata ndiyo inayopasua mtutu.

Kwa wale waliotumiwa picha na muuzaji huyu, msizifute, na msimjibu kwa matusi wala kujaribu kumwekea mtego wenyewe. Ujumbe, namba aliyotumia na risiti ya muamala wa fedha vifikishwe polisi jinsi vilivyo. Mzee wa Usangu alikuwa amevihifadhi vyote, na askari aliyetupokea aliviomba kabla hata hajazihesabu risasi.