Bakteria wa chupa baada ya anemoni kusagwa na pampu: uzoefu wangu wa wiki sita

Kama tangi lako la samaki wa baharini limechafuka sasa hivi na unajiuliza ununue ile chupa ya bakteria wanaosafisha sumu ya uozo au uache, jibu langu ni hili: nunua, ila usiifungue leo. Leo hangaika na maji na hewa. Mimi nilifanya kinyume, na samaki wangu aina ya kangaja hakuuona usiku wa pili.

Tangi langu ni la lita 300, maji ya chumvi, miamba hai (mawe yenye bakteria na viumbe wadogo), matumbawe ya aina saba au nane hivi, samaki wawili wa anemoni, huyo kangaja, kamba msafishaji mmoja na konokono kadhaa. Lilikuwa limetulia kwa miaka mitatu. Kosa lilikuwa dogo mno hata naona haya kulisema. Nilivua sponji la kinga kwenye pampu ya mkondo ili nilioshe, nikalisahau juu ya kitambaa, nikaenda kulala. Anemoni naye, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, aliyekaa kwenye jiwe lake mwaka mzima bila kusogea hata kidogo, akachagua usiku huohuo kuhama.

Asubuhi maji yalikuwa meupe kama tui. Nilisikia harufu kabla sijawasha taa. Vipande vya anemoni vilikuwa vimesambaa kila mahali, vingine vidogo kama chembe za wali, na pampu ilikuwa inanguruma kwa sababu nyama ilikuwa imejisokota kwenye panga boi yake. Nilipima amonia, sumu inayotoka kwenye uozo: matone, nikatikisa, nikasubiri, na rangi ikatoka manjano moja kwa moja hadi kijani. Miligramu 2 kwa lita. Kwenye tangi la matumbawe unataka sifuri, si karibu na sifuri. Tena kumbuka pH (kipimo cha uchachu) ya maji ya bahari iko juu, 8.2 hivi, na hapo sehemu ya amonia iliyo sumu hasa ni zaidi ya mara kumi ya ile inayokuwepo maji yakiwa na pH 7. Kwa hiyo wale wanaokwambia "kwangu ilifika 2 na samaki hawakufa" waulize kwanza kama walikuwa na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Kabatini nilikuwa na chupa ya bakteria iliyobaki tangu nilipoanzisha tangi. Nikamimina dozi mara mbili ya iliyoandikwa. Lebo ilisema uzime skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu la hewa) na taa ya UV inayoua vijidudu kwa saa 48 ili bakteria wasitolewe au kuuawa kabla hawajashika mahali. Nikazima, mtiifu kabisa. Saa tano usiku samaki wote walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, wakihema. Kangaja alikuwa ameegemea kioo ubavu mmoja. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Nilichelewa kuelewa kilichotokea, ingawa ni hesabu rahisi. Ule weupe ni bakteria tayari, wale walao uozo, ambao huongezeka kwa saa chache na kuvuta oksijeni bila huruma. Wale wanaogeuza amonia nao wanakula oksijeni: kila miligramu moja ya naitrojeni iliyo kwenye amonia inahitaji zaidi ya miligramu 4 za oksijeni kugeuka kuwa nitrati. Maji ya bahari ya nyuzi 25, hata yakijaa oksijeni kabisa, hayabebi miligramu 7 kwa lita. Usiku matumbawe na mwani navyo havitengenezi oksijeni, vinatumia. Mimi nikaenda kuzima skima, ambayo ndiyo mashine kubwa ya kuingiza hewa niliyonayo. Lebo haikukosea kwa tangi jipya lisilo na kiumbe. Kwa tangi lililo kwenye hatari, ushauri uleule unaua, na hakuna mstari hata mmoja unaosema hivyo. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa bidhaa hizi zote, si ya kampuni moja.

Nikawasha skima, nikaelekeza pampu juu ili uso wa maji ufanye mawimbi, nikaongeza jiwe la hewa. Ndani ya saa moja samaki wa anemoni walishuka. Kisha nikaanza kubadilisha maji.

Hapa nipunguze mwendo kidogo, maana ndipo nilipojifunza kitu cha maana. Nilibadilisha asilimia 30 mara tatu ndani ya siku mbili. Kila mara unabakiza asilimia 70 ya uchafu uliokuwepo, kwa hiyo 2 inakuwa 1.4, halafu 1 kasoro kidogo, halafu karibu 0.7. Niliandika namba hizo kwenye karatasi kabla ya kupima. Kipimo baada ya mara ya tatu kilisoma kati ya 1 na 1.5. Maji hayasemi uongo: kuna kitu kilikuwa bado kinaoza humo ndani. Nikachukua tochi na kulala kifudifudi sakafuni. Nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo mkono haufiki, kulikuwa na mguu mzima wa anemoni, unene wa kidole gumba, umefunikwa na utando mweupe. Nilifunga mpira mwembamba kwenye kijiti, nikaunyonya vipande vipande kwa dakika arobaini. Chupa yoyote ya bakteria ningeimimina bure kama mguu ule ungebaki pale.

Kosa la pili lilikuwa kwenye chumvi. Maji mapya niliyachanganya vizuri, joto sawa, chumvi sawa, 35 kwa elfu. Sikupima alkaliniti, uwezo wa maji kuhimili uchachu, ambayo hupimwa kwa digrii. Tangi langu hukaa kwenye 8 na mchanganyiko huu mpya ulikuwa 11. Mabadiliko matatu yakaipandisha hadi karibu 10 ndani ya siku mbili, na ncha za Acropora, tumbawe gumu la matawi, zikaungua nyeupe kama zimechovywa chokaa. Matumbawe magumu hayapendi alkaliniti iruke. Digrii moja kwa siku ndiyo mwisho wangu sasa, na nikiwa na nafasi huenda polepole zaidi.

Mkaa wa kuchujia nilitumia pia, gramu mia na kidogo kwenye mfuko, nikausuuza mpaka maji yaache kuwa meusi, nikaubadilisha kila baada ya siku mbili. Huo haugusi amonia, tusidanganyane. Kazi yake ni sumu za anemoni na uchafu mwingine ulioyeyuka, na tofauti iliyoonekana kwa macho baada ya usiku mmoja ilitoka kwake: maji yaliacha kuwa na umanjano, na ile harufu ikaisha.

Sasa chupa yenyewe. Siku ya nne, uozo ukiwa umetoka na skima inafanya kazi, nilinunua chupa mpya, iliyokuwa kwenye friji dukani, tarehe yake ikiwa bado mbali. Ukiitikisa unaona ukungu wa kahawia ukipanda kutoka chini, na ukifungua inanuka kidogo kama yai bovu. Usiogope harufu hiyo. Nilimimina dozi ya kawaida, sehemu kubwa karibu na miamba ya tangi la chini la kuchujia maji, na skima nikaiacha ikiwaka. Ilichachamaa, ikatema povu hadi sakafuni, nikashusha kiwango chake na kuvumilia. Siku ya tano 0.5. Siku ya sita 0.25. Siku ya saba matone yalibaki manjano.

Ningeweza kuishia hapo na kuipa nyota tano kama wengi wafanyavyo. Lakini miamba yangu ya miaka mitatu ilikuwa na bakteria wake tayari, na nilikuwa nimetoa maji karibu theluthi mbili. Nani alifanya kazi? Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, basi nikafanya jaribio jikoni. Ndoo tatu, kila moja lita 10 za maji mapya ya chumvi, jiwe la hewa, joto nyuzi 25, na amonia niliyopima hadi 2. Ya kwanza nikatia bakteria wa chupa mpya. Ya pili nikatia wa ile chupa ya kabatini. Ya tatu sikutia kitu.

Ndoo ya kwanza amonia ilishuka hadi nusu kufikia siku ya nne, siku ya sita ikawa sifuri na nitriti (hatua ya kati kabla ya nitrati) imepanda juu, dalili kwamba hatua ya kwanza inafanyika kweli. Nitriti kwenye maji ya bahari haitishi kama kwenye maji baridi, kwa hiyo hapo sikuwa na wasiwasi. Ndoo ya pili, siku kumi, bado 2. Ndoo ya tatu, bado 2. Kwa maneno mengine chupa ya kabatini ilikuwa maji machafu yenye lebo nzuri. Bakteria wanaogeuza amonia hawana mbegu ya kulala kama wale wa jamii ya Bacillus. Joto likipanda au wakiganda wanakufa tu. Na huzaliana polepole, hesabu saa nyingi hadi siku nzima au zaidi kwa kizazi, si dakika. Soma lebo: kama bidhaa inajisifia kukaa miaka kwenye rafu yenye joto, pengine hao ni walao uozo, nao ni wa kazi nyingine.

Nyota zangu: tatu na nusu kwa chupa iliyotoka kwenye friji. Inafanya inachosema, kwa siku sita, kwenye maji yenye hewa. Nusu nyota nimeikata kwa ajili ya yale maelekezo ya kuzima skima, na moja kwa kuwa bila tarehe na friji huna njia ya kujua unachonunua. Nikipata janga jingine, nitaitumia tena, baada ya kutoa uozo, kubadilisha maji na kuweka mkaa. Iwe ya nne kwenye foleni.

Kupona kwenyewe kulikwenda kwa zamu. Taa nilizipunguza hadi nusu kwa wiki mbili, chakula mara moja kwa siku mbili. Zoanthus, matumbawe laini kama vifungo, walifunguka siku ya tisa, mmoja mmoja. Euphyllia, tumbawe lenye minyiri minene, ilibaki imenywea kama soksi tupu mpaka siku ya kumi na mbili, kisha ikajaa maji siku moja kana kwamba hakuna lililotokea. Wiki ya tatu ukaja utando mwekundu juu ya mchanga, ule wa utelezi unaotoa viputo mchana. Nilishawishika kutupa dawa ya kunyonya fosfeti (lishe ya utando huo) kwa wingi, nikajizuia. Matumbawe yaliyotoka kuumwa hayahitaji lishe ipotee ghafla. Nilinyonya utando kwa mpira kila nikibadilisha maji, nikageuza pampu ipulize ile kona, na wiki ya tano ukakosa pa kushika.

Acropora ilikufa kuanzia chini, nyama ikibanduka usiku hadi usiku. Nilipoona mstari mweupe unapanda sikungoja. Nilikata matawi manne sentimita mbili juu ya mstari, nikayagandisha kwa supaglu nzito kwenye vipande vya jiwe, nikayaweka mahali penye mwanga hafifu. Mawili yalikufa. Mengine yana rangi, na jana kwa lenzi ya mkononi niliona nyama ya moja imeanza kutambaa juu ya gundi, ukingo mwembamba wa zambarau. Sponji la pampu sasa nimelifunga kwa uzi wa nailoni. Nikitaka kulivua lazima nitafute mkasi kwanza.